Sista, dawa zote hizi hazigombani?

Saa kumi na mbili kasoro robo jioni. Mlinzi ameshaanza kupita koridoni akiwakumbusha ndugu kwamba muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Kwenye kitanda cha dirishani amelala mama wa Mbagala ambaye miaka michache iliyopita alipasuliwa akawekewa vali ya bandia moyoni, ile ambayo ukimwinamia kwenye ukimya unaisikia ikigonga kama saa ya ukutani. Safari hii kaletwa na nimonia. Juu ya hapo ana pumu ya tangu utotoni, kwa hiyo kifua kinapiga filimbi. Kwenye toroli nimempangia kichupa cha seftriaksoni, antibayotiki yake, mashine ya nebulaiza na salbutamoli yake ya kufungua kifua, na chati ambayo daktari ameandika kwa wino mwekundu: warfarini ya leo, dawa yake ya kuzuia damu kuganda, asipewe.

Wifi yake, hotipoti tupu mkononi, akaitazama toroli, halafu akanitazama mimi.

"Sista, dawa zote hizi hazigombani?"

"Zinagombana, dada yangu. Ndiyo maana moja leo imelala."

Mlinzi akamtoa kabla sijaendelea, na mimi nilikuwa na vitanda vingine ishirini na kitu mbele yangu. Jibu refu ni hili.

Chuoni antibayotiki, dawa za kuzuia damu kuganda na dawa za mfumo wa hewa tulizisoma kila moja na sura yake, kila moja na mtihani wake. Wodini zinakutana kitanda kimoja, saa ileile, mkononi mwa mtu mmoja. Nilichukua muda kugundua kwamba njia rahisi ya kuzielewa ni kuuliza saa zake. Kila kundi lina saa inayotembea kwa mwendo wake. Moja huhesabu masaa, nyingine huhesabu siku, na ya tatu ina mishale miwili, mmoja wa dakika na mmoja wa majuma. Daktari anaandika jina na miligramu. Saa, kasi, njia na majirani wa dawa, hayo kwa sehemu kubwa yako kwa muuguzi, na mgonjwa akiruhusiwa yanahamia kwake.

Antibayotiki: maji kujaa na kupwa

Familia ya penisilini, pamoja na binamu zake kina seftriaksoni, huua bakteria kwa kuharibu ujenzi wa ukuta wao. Seli za binadamu hazina ukuta wa aina hiyo, na ndiyo sababu dawa hizi zinaweza kumpiga mgeni bila kumbomolea mwenyeji nyumba. Lakini zina sharti moja: haziui kwa ukubwa wa dozi, zinaua kwa muda. Kinachohesabika ni masaa mangapi ya siku kiwango cha dawa mwilini kimekaa juu ya mstari unaotakiwa.

Aliyewahi kusimama Coco Beach maji yakipwa anaelewa. Maji yakijaa, miamba yote imezama. Yakipwa, miamba inachomoza na kaa wanaanza kutembea. Penisilini ya sindano inapwa haraka sana: nusu yake hutoka mwilini ndani ya takriban dakika 30, ndiyo maana hutolewa kila baada ya masaa 4 au 6. Amoksilini huchukua kama saa moja, hivyo tunaitoa kila baada ya masaa 8. Seftriaksoni, ambayo mtaani wengi wanaiita Powercef kwa jina la kampuni moja, nusu yake huchukua masaa kama 8, kwa hiyo mara moja au mbili kwa siku inatosha. Dozi ya usiku wa manane iliyorukwa kwa sababu nesi alikuwa peke yake na mgonjwa mwingine alikuwa anakata roho inaonekana jambo dogo kwenye makabidhiano ya zamu. Kwa bakteria ni masaa kadhaa ya kutembea juu ya mwamba.

Hapa lugha yetu wenyewe inatutega. Kijana mmoja alirudi kliniki na kidonda ambacho hakikauki. Dawa alikuwa anameza, tena kwa nidhamu, na simu yake aliiwekea alamu. Nikamwomba nione alamu. Ilikuwa saa nane mchana na saa nane usiku. Tulimwambia "kila saa nane", naye akatii neno kwa neno: saa nane ikifika, anameza. Dozi tatu zikawa mbili, na zile mbili akaamka usiku kwa ajili yake, masikini! Tangu siku hiyo sitamki tena "kila saa nane". Nasema: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Na ile bahasha ya duka la dawa iliyoandikwa 1×3, nayo haisemi chochote kuhusu saa. Kuna watu wanameza vidonge vitatu kati ya chai ya asubuhi na chakula cha jioni, kisha masaa kumi na mbili yaliyobaki mwamba uko nje.

Jentamaisini ni mtu wa tabia nyingine kabisa. Yenyewe inaua kwa wimbi moja kubwa, halafu inataka maji yakauke kabisa kabla ya wimbi linalofuata. Ikikaa mwilini muda wote inaanza kuharibu figo na sikio la ndani. Ndiyo maana siku hizi kwa wagonjwa wengi hutolewa mara moja kwa siku badala ya kugawanywa, na ndiyo maana muuguzi anayetoa jentamaisini bila kutazama mkojo umetoka kiasi gani anafanya nusu ya kazi. Mgonjwa akisema masikio yanavuma, au akisimama anapepesuka, hiyo si ya kuandika tu kwenye faili na kusubiri daktari wa kesho.

Nirudi kwenye kichupa cha yule mama. Seftriaksoni ikipigwa kwenye msuli inauma vibaya, kwa hiyo huchanganywa na lignokaini ya ganzi. Mchanganyiko huo ukiingizwa kwenye mshipa unaweza kuvuruga moyo. Bomba mbili zinazofanana, moja ya msuli na moja ya mshipa, juu ya toroli moja isiyo na lebo: mimi nikiona hivyo natupa zote mbili naanza upya, hata kama dawa ni ghali. Pia seftriaksoni haichanganywi na dripu yenye kalsiamu kama Ringa, kwa sababu vinashikana na kuwa chembechembe. Kwa mtu mzima unasimamisha dripu, unasafisha mpira kwa maji ya chumvi, ndipo unapiga. Kwa kichanga wa chini ya siku 28 anayepewa kalsiamu kwenye mshipa, dawa hiyo haipewi kabisa.

Na swali la aleji. Ukimuuliza mtu wa Dar "una aleji?" atakujibu hana, kwa sababu neno hilo kwake linamaanisha vumbi na mafua. Ukimuuliza "kuna dawa iliwahi kukudhuru, ukavimba midomo au ukatoka vipele ukashindwa kupumua?" anakaa kimya kidogo, halafu anakumbuka. Ikitokea baada ya sindano, mkono wa kwanza unakwenda kwenye adrenalini, nusu miligramu kwa mtu mzima, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Piriton na haidrokotisoni, dawa ya kutuliza uvimbe, zitafuata baadaye. Nimeshaona watu wakianza na Piriton, na sipendi kulikumbuka lile tukio.

Kuhusu kununua antibayotiki nusu dozi dukani, yamesemwa mengi na sitayarudia. Niongeze moja tu. Shirika la Afya Duniani tangu 2017 limezigawa antibayotiki katika mafungu matatu: za kutumia mwanzo, za kutumia kwa uangalizi, na za akiba. Amoksilini, doksisaiklini na metronidazoli zimo katika fungu la kwanza. Seftriaksoni, siprofloksasini na azithromaisini zimo katika la pili. Halafu tembea maduka ya dawa kutoka Tandika hadi Manzese uangalie ni zipi mtu anapewa akisema tu "nina UTI".

Warfarini: kiwanda kimefungwa, Kariakoo bado ina mzigo

Mtaani tunaziita dawa za kuyeyusha damu. Jina hilo limeleta matatizo zaidi ya linavyosaidia. Damu ya anayemeza warfarini haijawa nyepesi, haijageuka maji. Hata bonge lililokwisha kuganda dawa hii hailiyeyushi. Inazuia lisikue na lisizaliwe jingine, mwili wenyewe ndio unaolimega taratibu. Kilichobadilika ni muda ambao damu inachukua kuganda.

Heparini ya sindano na warfarini ya vidonge zinafika mahali pamoja kwa njia tofauti kabisa. Heparini inaikuta damu ikiwa na protini yake ya kuzuia mgando, inaichochea ifanye kazi kwa nguvu nyingi. Ukiipiga kwenye mshipa, ndani ya dakika chache kazi imeanza, na ukiisimamisha ndani ya masaa machache imekwisha. Warfarini haiigusi damu. Inakwenda kwenye ini, inakizuia kiwanda kinachotumia vitamini K kukamilisha protini za kugandisha.

Sasa fikiria kiwanda cha kanga kimefungwa leo asubuhi. Ukienda Kariakoo mchana utakosa kanga? Hapana, mzigo upo. Utaisha kidogo kidogo, aina moja kabla ya nyingine. Ndivyo ilivyo kwenye damu. Protini moja ya mgando, namba 7, nusu yake huisha kwa masaa kama 6. Prothrombini, ambayo ndiyo mzigo mkubwa, nusu yake huchukua kama siku mbili na nusu. Matokeo yake, INR, kipimo cha muda ambao damu inachukua kuganda, inaweza kupanda siku ya pili kwa sababu namba 7 imepungua, mtu akafurahi, kumbe mgonjwa hajalindwa bado. Tena siku za mwanzo warfarini hupunguza hata protini ya mwili inayozuia mgando, kwa hiyo kwa muda mfupi mambo yanaweza kuelekea upande mbaya. Hii ndiyo sababu mgonjwa mwenye bonge la damu anapewa sindano za heparini na vidonge vya warfarini kwa pamoja, angalau siku 5, na sindano haiachwi mpaka INR imefika 2 au zaidi na kukaa hapo kwa siku nzima. Ndugu wanaolalamika kwamba mgonjwa wao "anachomwa bure wakati vidonge anameza" wana haki ya kupewa maelezo haya. Nesi anayesimamisha sindano siku ya tatu kwa sababu hiyohiyo hana haki hiyo, alifundishwa.

INR yenyewe ni uwiano tu. Damu ya mtu asiyetumia dawa hizi inasoma karibu na 1. Wengi wa wanaotumia warfarini tunawataka kati ya 2 na 3. Mwenye vali ya bandia upande wa kushoto, ile iitwayo maitro, kwa kawaida kati ya 2.5 na 3.5. Na namba unayoisoma leo ni habari ya vidonge vya juzi na siku za kabla yake. Ukibadilisha dozi leo, usitegemee kuona jibu kesho. Kidonge chenyewe hutolewa jioni ili majibu ya maabara ya mchana yamkute daktari kabla kidonge hakijamezwa.

Wagonjwa wenye simu wanasoma. Mzee mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini, kama anayetoa siri, kama ni kweli tunampa sumu ya panya. Nikamwambia ukweli, na ukweli ni mtamu kuliko uvumi. Miaka ya 1920 ng'ombe wa Marekani na Kanada walikuwa wakifa kwa kuvuja damu baada ya kula majani yaliyooza. Karl Paul Link na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin waliitafuta kemikali iliyokuwa kwenye majani hayo mpaka wakaipata, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa warfarini, iliyoingia sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya. Mwaka 1954 ikaidhinishwa kwa binadamu, na mwaka uliofuata rais wa Marekani, Eisenhower, aliitumia baada ya mshtuko wa moyo. Tofauti kati ya panya na rais ni kipimo. Mzee yule alicheka, na tangu siku hiyo hakuwahi kukosa kliniki ya INR.

Kisha kuna mboga. Vitamini K iko kwa wingi kwenye majani ya kijani: mchicha, kisamvu, matembele, majani ya maboga. Ushauri wa "acha mboga za majani" ni ushauri mbaya. Kwanza kwa bei ya nyama ilivyo, hizo ndizo mboga za watu wengi. Pili, mtu akiacha kabisa mwili wake unakaa bila akiba, siku akila kisamvu msibani INR inaporomoka. Tunachomwomba ni asibadilishe mwendo. Kama anakula mchicha mara nne kwa wiki, aendelee mara nne, sisi tutaipanga dozi iendane na sahani yake. Ramadhani nayo hubadilisha sahani. Kidonge ni kimoja kwa siku na kinakaa vizuri kwenye futari, ila INR ipimwe karibu zaidi mwezi huo.

Waislamu wengine huuliza heparini inatoka wapi, na hawapaswi kudanganywa. Hutengenezwa kwa kiasi kikubwa kutokana na utumbo wa nguruwe, pamoja na ile ya sindano ndogo za tumboni, enoksaparini. Wengi wakielezwa kwamba ni dharura ya kuokoa maisha hukubali, wengine huomba kwanza kumpigia sheikh wao simu. Ipo pia fondaparinuksi, ambayo imetengenezwa maabara bila mnyama, pale inapofaa na inapopatikana.

Sindano hiyo ya tumboni ina adabu zake. Sentimita 5 mbali na kitovu, shika mkunjo wa ngozi, ingiza wima, toa, bonyeza kwa pamba. Usisugue. Kile kiputo cha hewa kwenye bomba lililojazwa kiwandani kiache, ukikitoa unatoa na dawa. Mkono wa Kiswahili unataka kusugua kila palipochomwa, hata mgonjwa mwenyewe utamkuta anasugua. Ndiyo hiyo michubuko ya zambarau unayoiona tumboni.

"Si kuna dawa mpya zisizohitaji kupima?" Zipo, kina rivaroksabani na apiksabani, na kwa wengi ni nafuu kubwa. Kwa mama wa kitanda cha dirishani hazifai. Mwenye vali ya bandia ya aina yake hapewi. Na kwa wale ambao vali zao zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi na mapigo ya moyo yamevurugika, utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2022 uliwakuta waliotumia dawa za jamii ya warfarini wakiwa na matokeo mazuri kuliko waliotumia rivaroksabani. Ugonjwa huo wa vali bado uko nasi sana. Huanza na koo la mtoto lililoachwa bila penisilini, na ukishaingia, mtu huchomwa penisilini ya msuli kila baada ya wiki 3 au 4 kwa miaka mingi. Ona fundo hilo: mtu huyohuyo anahitaji sindano ya msuli na anameza warfarini. Kwa hiyo kabla ya kuchoma naangalia INR ya karibuni, natumia sindano nyembamba kadiri dawa hiyo nzito inavyoruhusu, na nabonyeza dakika kadhaa kwa saa.

Fizi kutoka damu, mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami, hedhi isiyokata, kuanguka na kugonga kichwa hata kama hapaumi: mgonjwa akiona lolote kati ya haya asisubiri tarehe ya kliniki. Na mwanamke anayeweza kushika mimba aambiwe mapema, kwa lugha isiyozunguka, kwamba warfarini inaweza kumdhuru mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, lakini asiiache mwenyewe kimyakimya. Aje tupange.

Pampu: ile unayoisikia na ile usiyoisikia

Dawa za pumu zina mishale miwili. Salbutamoli, pampu ya bluu, hulegeza misuli iliyokaza njia ya hewa. Dakika 5 tu mtu anahisi kifua kinafunguka, na nafuu hukaa masaa 4 hadi 6. Steroidi ya kuvuta, mara nyingi pampu ya kahawia, hutuliza uvimbe ulio chini ya hiyo misuli. Leo hutahisi kitu, wala kesho. Ni siku na majuma. Kwa hiyo mtu anaikumbatia ya bluu na kuitelekeza ya kahawia, maana moja inasema naye na nyingine iko kimya. Mimi nikiona mtu anamaliza pampu ya bluu kila mwezi simsifu kwa kutumia dawa, nashtuka. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haushauri tena mtu mzima kutegemea salbutamoli peke yake. Wanaotumia ile ya bluu pekee hupata nafuu huku uvimbe ukiendelea kujijenga, na siku ukifunga njia kabisa, pampu haipenyi.

Sehemu kubwa ya dawa ya pampu inaishia kooni, hasa kubonyeza na kuvuta visipokwenda pamoja. Kifaa cha kati, kinachokaa baina ya pampu na mdomo, kinasaidia, na kama hakuna, chupa ya maji ya nusu lita inatosha. Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba kwa watoto chupa hiyo inafanya kazi sawasawa na kifaa cha dukani. Unatoboa kitako cha chupa kwa waya uliopashwa moto, tundu lingane na mdomo wa pampu, unaziba pembeni kwa gundi, unaiosha na kuiacha ikauke. Mtoto anavuta kupitia mdomo wa chupa, pumzi za kawaida tano au sita kwa kila bonyezo. Na anayetumia steroidi asukutue na kuyatema maji baadaye, la sivyo utando mweupe utaota mdomoni.

Yule mama, nikimwekea nebulaiza, mkono mmoja uko kwenye mapigo yake. Salbutamoli hutetemesha vidole na kuukimbiza moyo, na moyo wake ni ule wenye vali inayogonga. Pia huteremsha potasiamu ya damu. Haidrokotisoni ya mshipa aliyopewa mchana itaanza kazi baada ya masaa kadhaa, hivyo wifi akisema "sindano ya mchana haikusaidia" ni kwamba saa yake ilikuwa haijafika.

Aminofilini, dawa ya zamani ya kufungua kifua, sasa imepungua, ila bado ipo. Umbali kati ya dozi inayoponya na inayotia degedege ni mfupi mno, na ikisukumwa haraka moyo unaweza kusimama. Dozi ya kuanzia haiendi chini ya dakika 20. Muuguzi mwenye haraka asiiguse.

Zinavyogombana

Turudi kwenye wino mwekundu. INR ya yule mama ilisoma 6.1. Hakuwa amemeza kidonge cha ziada. Wiki moja kabla alipata tumbo la kuhara, akanunua Flagyl dukani, na kwa kuwa kikohozi kilikuwa kimeanza akaongezewa na Septrin. Zote mbili huzuia ini lisiivunje warfarini. Kidonge kilekile cha kila siku kikawa kama viwili. Homa ilimfanya asile, vitamini K ikapungua. Seftriaksoni tunayompa nayo inaweza kusukuma INR juu kidogo. Kila mmoja alimpa dawa iliyo sahihi kwa tatizo alilolitaja. Hakuna aliyeuliza anameza nini kingine.

Wifi angeniuliza kwa nini basi hatukumpa vitamini K tukamaliza. Kwa sababu havuji damu popote, na ana vali. Vitamini K nyingi ingeiteremsha INR chini kabisa na kuifanya warfarini isikubali kufanya kazi kwa siku nyingi, huku bonge likijijenga kwenye vali. Kwa hiyo kidonge kinalala, damu inapimwa tena kesho, na usiku huu namtazama fizi, mkojo na macho kila ninapopita.

Mapambano mengine ni ya aina hiyohiyo. Siprofloksasini na erithromaisini huzuia aminofilini isitoke mwilini, mtu akaanza kutapika na moyo kwenda mbio. Diklofenaki ya maumivu ya mgongo inaweza kumtoa damu tumboni anayemeza warfarini na inaweza kumbana kifua mwenye pumu. Propranololi ya moyo haimfai mwenye pumu hata kidogo. Siprofloksasini na maziwa au vidonge vya madini ya chuma hushikana tumboni na dawa haiingii.

Lakini mkorofi kuliko wote ni rifampisini, ile ya TB inayogeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa. Wengine wanazuia ini; huyu analiamsha. Ini likiamshwa linaivunja warfarini haraka haraka, na hali hiyo hujengeka kwa siku nyingi, haiji mara moja. Mzee mmoja wa Temeke alikuwa akitumia miligramu 5 kabla ya TB. Kufikia mwezi wa tatu wa matibabu tulikuwa tumempandisha zaidi ya mara mbili, hatua kwa hatua, ili tu INR ifike 2. Siku alipomaliza miezi yake 6 alikuja wodini kutusalimia, kashika cheti cha kuhitimu TB, kavaa kanzu mpya.

"Shikamoo mzee. Hongera sana."

"Marahaba mwanangu. Sasa hospitali basi, nimepona."

Nikamwomba daftari lake la kliniki. Ini lake lilikuwa bado macho, lakini lingeanza kusinzia ndani ya wiki mbili hivi, na ile dozi kubwa ingemgeukia. Nikamwandikia juu ya jalada, kwa herufi kubwa anazoweza kusoma bila miwani, Jumatatu nne mfululizo za kupima INR. Akazihesabu kwa kidole.

"Nne zote?"

"Nne zote, mzee. Na ya kwanza ni Jumatatu hii."